Kabla hujanunua tableti ya kuchorea

Vijana wanaotaka kuchorea gemu na katuni huniuliza kwanza wanunue tableti gani. Huwa nawaambia wasinunue kwanza. Chukua daftari lisilo na mistari na penseli laini, nenda Kariakoo ukae mahali wanapopita wasukuma mikokoteni.

Mtazame mmoja mwenye shehena ya magunia. Kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka, mwili wote umelala mbele, mikono imenyooka, kisigino cha nyuma kimeinuka. Mwendo ukikolea, mgongo unanyanyuka. Akitaka kusimama, anajivuta nyuma na kuikaza miguu, maana mzigo bado unataka kwenda. Mchore kwa mistari michache, nusu dakika kila mchoro, bila sura wala vifungo vya shati. Uzito ukionekana hapo, umeshaanza uhuishaji, yaani kuzipa picha mwendo na uhai, hata kama kompyuta huna.

Kisha chora mpira unaodunda. Filamu hupitisha fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, na wanaochora kwa mkono mara nyingi huchora picha 12 tu, kila moja ikikaa fremu mbili. Kinacholeta uhai ni nafasi kati ya picha na picha. Mpira ukiwa juu kabisa, picha zinabanana; unaposhuka, zinaachana. Ukizipanga sawasawa zote, mpira utaelea kama puto. Rudia mpaka mtazamaji atofautishe mpira wa tenisi na tufe la chuma bila wewe kutia rangi.

Uchoraji wa dhana, yaani kubuni wahusika, vitu na mahali kabla havijajengwa kwenye gemu au filamu, ni kazi nyingine, na hapo ndipo wenye vipaji wengi hukwama. Wanaleta picha moja, nzuri mno. Lakini atakayejenga modeli, yaani umbo lake la pande tatu kwenye kompyuta, ana maswali yake: mgongoni kukoje? Mlango unafungukia wapi? Huo mkanda umeshikwa na nini? Mimi huanza na vichoro vingi vidogo vya weusi mtupu, umbo tu. Wahusika wawili wasipotofautiana kwa umbo, kwenye skrini ya simu watachanganywa. Nikishachagua kimoja nakichora mbele, ubavuni na nyuma, na pembeni naandika kila kitu kimetengenezwa na nini: shaba iliyochakaa, kamba ya katani. Kama hadithi yako ni ya Pwani, nenda Mji Mkongwe ukaiguse milango yenyewe, uone njumu za shaba zilivyopangwa na nakshi inavyoingia ndani ya mbao. Picha za intaneti hazikupi kina hicho.

Programu zisikutishe. Krita, ya kuchora, na Blender, ya kujenga na kuhuisha maumbo ya pande tatu, ni za bure, na filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar mwaka 2025. Krita huenda hata kwenye kompyuta ya kawaida. Blender itakudai mashine yenye nguvu zaidi.

Ukifika wakati wa kuomba kazi, peleka kazi chache, bora kuliko zote ikiwa ya kwanza, na uweke pia vile vichoro vya mwanzo. Studio inataka kuona ulivyofikiri. Video ya uhuishaji wako isizidi dakika moja.