Kugawa mkeka kwa raundi robini: je, kunaiondoa kamari?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Kirumba, Mwanza, nauza dagaa pale soko la Mwaloni. Siku za mbalamwezi mitumbwi haiingii ziwani na dagaa huadimika, na wenzangu wamenifundisha kubeti kwa njia inayoitwa raundi robini, wengine huiita sistimu. Najua kwamba kuweka pesa yote kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi, ni kamari. Lakini mimi nagawa: nachagua timu nne, natengeneza mikeka midogo ya timu mbilimbili, na timu moja ikichana bado napata. Naona ni hesabu kama biashara nyingine, kwani hata gunia la dagaa nalinunua bila kujua nitaliuza bei gani. Wenzangu pia huniomba niwapangie mikeka yao. Je, inafaa? Na kama haifai, nifanye nini na pesa niliyokwisha kushinda, ambayo sehemu yake nimenunulia nyavu za kuanikia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu yangu, haifai. Lakini umeuliza kwa hoja, na ni haki yako kujibiwa kwa hoja, kwa hiyo tuanze na hesabu yenyewe.

Timu nne zikipangwa mbilimbili hutoa jozi sita. Huo si mkeka mmoja uliogawanywa. Ni mikeka sita, na kila mmoja una dau lake. Ukiweka shilingi 1,000 kwa kila jozi, umetoa 6,000. Tuchukulie kwamba kila timu ina odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya 1.80, ili jozi ikishinda ilipe 1,000 mara 1.80 mara 1.80, yaani 3,240. Zikishinda zote nne utapokea 19,440. Ikipoteza moja, jozi tatu zimechanika na tatu zimebaki, utapokea 9,720. Zikipoteza mbili, jozi iliyobaki ni moja tu, na simu itakuletea ujumbe wa kukupongeza kwa kushinda 3,240 ilhali mfukoni mwako zimetoka 2,760 zisizorudi. Zikipoteza tatu, huna kitu. Na wanaoongeza mikeka ya timu tatutatu huongeza minne mingine, gharama ikafika 10,000 kwa timu zilezile nne.

Kisha uangalie odi zinavyopangwa. Mechi ambayo uwezekano wake ni nusu kwa nusu ilistahili odi ya 2.00, ukipewa 1.80, sehemu moja katika kumi ya dau lako imekwisha kubaki kwa kampuni kabla mpira haujaanza. Ukiunganisha timu mbili za namna hiyo, upungufu hujizidisha, kwa kuwa 0.90 mara 0.90 ni 0.81. Kwa mwendo mrefu, kila 6,000 unayoitoa kwa mpango huu itakurudishia kwa wastani 4,860. Kugawa kunakupunguzia uchungu wa kupoteza yote kwa usiku mmoja, ila kinacholiwa hakipungui, na mimi naona huo ndio mvuto wake mkubwa na ndiyo hatari yake: mtu anayepoteza kidogo kidogo hukaa mchezoni muda mrefu kuliko aliyepoteza mara moja akashtuka.

Pamoja na hayo, hukumu haikusimama juu ya hasara. Hata kama ungepata faida kila mwezi, jibu lingekuwa hilihili. Allah katika Suratul Maida, aya ya 90, ameitaja kamari pamoja na ulevi na masanamu, akaiita uchafu wa kazi ya shetani, akatuamrisha tujiepushe nayo. Na wanazuoni wameieleza kuwa ni kila makubaliano ambayo mshiriki hutoa mali yake akiwa kati ya mawili, ama achukue mali ya mwenzake, ama yake ichukuliwe. Kila jozi katika zile sita ina sifa hiyo kamili, na kukusanya kamari sita ndogo hakuzai kitu cha halali.

Lenye uzito zaidi kwako ni hili: kamari ya Waarabu iliyoteremshiwa aya nayo ilikuwa ya mafungu. Walikuwa wakichinja ngamia na kutumia mishale kumi. Saba ilikuwa na hisa, wa kwanza hisa moja, wa pili mbili, hadi wa saba hisa saba, jumla yake 28, na mitatu haikuwa na kitu. Wenye mishale yenye hisa walipata nyama kwa viwango tofauti, na wenye mishale mitupu walilipa thamani ya ngamia. Tena washindi waliwapa maskini ile nyama na kujifaharisha kwa ukarimu huo, na ndiyo maana wafasiri wakaitaja katika kueleza manufaa yaliyotajwa kwenye Suratul Baqara, aya ya 219, ambako Allah amesema kuwa madhara ya vitu hivyo ni makubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo mgawanyo wa hisa haukuwa jambo geni lililosubiri simu za leo. Ulikuwepo, ukajulikana, na ukaharamishwa pamoja na mchezo wenyewe.

Ama kufananisha na gunia la dagaa, hapo umechanganya mambo mawili. Unaponunua gunia Mwaloni, muuzaji amepata pesa yake nawe umepata dagaa, na baada ya hapo mvua ikinyesha kabla hawajakauka, au bei ikishuka, hiyo ni hatari iliyoifuata mali uliyoimiliki. Faida yako hutoka katika kuanika, kuchambua na kusafirisha, na mnunuzi wako huondoka na mboga. Kwenye mkeka hakuna bidhaa. Hatari yenyewe ndiyo iliyouzwa, nawe hupati shilingi mpaka mwingine ameikosa.

Usidanganyike pia na leseni. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha husajili kampuni na kusimamia biashara hiyo kwa mujibu wa sheria ya nchi, na hilo halibadilishi hukumu ya Allah juu yako. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, nawe katika mechi ya mpira hata si mshindani, ni mtazamaji. Na aya ya 91 ya Suratul Maida inataja kuzuiliwa na Swala: mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza, wakati wa baridi kwao, huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu na kuisha karibu saa mbili usiku, na hapa Mwanza Magharibi karibu yote inapita humo.

Sasa la kufanya. Acha leo, na usimpangie mtu mkeka, kwa kuwa Allah ametukataza kusaidiana katika dhambi. Mtume amesema kwamba anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" na atoe sadaka, nawe umefanya zaidi ya kualika. Salio uliloliweka mwenyewe kwenye akaunti bila kulichezea ni mali yako, litoe kisha ufunge akaunti. Mkeka ambao haujaamuliwa, ukiweza kuufuta ufute, uchukue dau lako tu.

Ulichoshinda, kadiria kwa dhana yenye nguvu, ukitoe kwa mafakiri kwa nia ya kujisafisha, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Wapo waliojuzisha kukipeleka kwenye manufaa ya umma, misikiti ikiwemo. Mimi naona mafakiri ni bora. Nyavu usizitupe: zitumie, na thamani yake itoe kidogo kidogo kadiri unavyouza. Na kama wewe mwenyewe ni fakiri kweli, Imam Nawawi amenukuu kwa Ghazali kwamba mtu wa hali hiyo anaweza kujipa yeye na familia yake kwa kiasi cha haja.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.