Christchurch kwa siku tano: Queenstown ifute kwanza

Mkuu, umesema unafika Christchurch, Nyuzilandi, mwezi wa Novemba, una siku tano, na unataka kulala mjini humo huku ukitoka kila asubuhi: Akaroa, Kaikōura, Arthur's Pass, Tekapo, na Queenstown "nikiwahi". Hutawahi. Queenstown iko karibu kilomita 480, saa sita za barabara kwenda tu. Tekapo nayo ni saa tatu kwenda na tatu kurudi: utapiga picha ya ziwa, ugeuze gari. Kwenye ramani Nyuzilandi inaonekana kisiwa cha kumaliza kwa wikendi, ila barabara zake zinapinda na nyingi ni za njia mbili tu.

Nimeishi mji ule kikazi, na wageni wote niliowapokea walikuwa na orodha kama yako. Mimi nakushauri safari mbili za nje, ukizidi sana tatu. Siku zinazobaki uachie mji.

Watu huuita Mji wa Bustani na sifa hiyo haikutoka hewani. Bustani ya mimea ina hekta 21, kuingia ni bure, na historia yake inaanzia mwaloni uliopandwa Julai 1863 kwa heshima ya ndoa ya mwana wa malkia wa Uingereza. Nenda asubuhi mapema kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu. Novemba waridi ndiyo kwanza yanafunguka. Mto Avon unaizunguka bustani, maji meupe hadi unaona majani yakilala chini, na utawakuta vijana wa kofia wakisukuma boti kwa upondo. Boti hizo ni za kulipia, na kwangu si lazima; ukitembea ukingoni unaona yale yale. Kando yake kuna Hagley Park, uwanja wa zaidi ya hekta 160 katikati ya mji!

Usipite katikati ya mji bila kujua kilichotokea. Tetemeko la 22 Februari 2011 liliua watu 185, na majina yao yamechongwa kwenye ukuta kando ya mto huo huo. Kanisa kuu la mawe lilivunjika vibaya. La muda, lililobuniwa na Mjapani Shigeru Ban na kufunguliwa 2013, lina mabomba makubwa ya karatasi ngumu darini. Ingia, inua macho. Viwanja vitupu utakavyoviona mitaani navyo vingi ni alama ya siku ile.

Sasa safari. Arthur's Pass nenda kwa treni, hata kama umekodi gari. Dereva kwenye njia ile anaona kona tu. Treni hiyo, TranzAlpine, huondoka asubuhi, hukata mashamba ya mkoa wa Canterbury, kisha hupanda korongo la mto Waimakariri kupitia madaraja marefu. Moja liko mita 73 juu ya bonde. Kuna behewa lisilo na vioo kwa wapiga picha, chukua koti. Shuka Arthur's Pass, usiendelee hadi Greymouth, mwisho wa safari ya treni. Una saa kadhaa kabla ya treni ya kurudi kupita alasiri, zinatosha kutembea hadi maporomoko ya Devil's Punchbowl, mita 131. Ngazi ni nyingi, magoti yatakwambia.

Hapo utakutana na kea, kasuku wa milimani, kijani kibichi, na ukimwona akiruka, chini ya mbawa ni rangi ya chungwa. Ni mwizi mwenye akili. Hung'oa mipira ya madirisha ya magari mwenye gari akitazama. Usimpe chakula, hata akikukazia macho.

Akaroa ndiyo ya gari, saa moja na nusu. Bandari yake imekaa ndani ya volkano ya kale iliyozimika, na Wafaransa walifika kuweka makazi Agosti 1840, wakakuta wamechelewa: Waingereza wameshatia saini mkataba wa utawala, wa Waitangi, na Wamaori, wenyeji wa nchi, miezi michache kabla. Majina ya mitaa yamebaki ya Kifaransa. Panda boti uwaone pomboo wa Hector, wadogo, pezi la mgongoni la mviringo kama sikio. Nje ya Nyuzilandi hawapo kwingine duniani.

Kaikōura ni ya tatu, ukiwa na nguvu, kwa ajili ya nyangumi. Ni saa mbili na nusu, na boti huahirishwa bahari ikichafuka, kwa hiyo weka siku ya akiba. Ukichoka, badala yake pita handaki hadi mji wa bandari wa Lyttelton, ambako Jumamosi asubuhi kuna soko, kisha feri fupi ya kuvuka bandari hadi Diamond Harbour.

Gari linakwenda kushoto. Jua la Novemba linachelewa kuzama, saa mbili usiku bado kweupe, ila upepo wa kaskazini magharibi ukikatika baridi inarudi ghafla. Na viatu vyako vya kupandia milima vioshe udongo kabla ya kupanda ndege, uvitaje kwenye fomu. Uwanja wa ndege hawana mchezo, faini ya kutotaja ni dola 400 za kwao.