Darasa la ngumi kwa miwani ya VR: funika vioo kabla ya kununua chochote

Msomaji mwenye jimu ameandika: ana miwani nne za VR (uhalisia pepe: huziba macho na kukuweka ndani ya mchezo) aina ya Quest 2, anaendesha darasa la ngumi, na wateja hawamalizi dakika kumi kabla ya kushikwa na kichefuchefu. Anataka kununua miwani zenye picha kali zaidi. Asubiri. Ukumbi wake una kioo ukuta mzima, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kamera za miwani hujua ulipo kwa kushika alama zisizosogea: pembe ya dirisha, bango, kona ya ukuta. Kioo huonyesha taswira zenu zinazosogea, hesabu inavurugika, na sakafu ya mchezoni inateleza nusu hatua huku miguu yako imetulia. Tumbo halisamehe hilo. Pazia zito kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa linatosha. Taa ziwake, maana gizani kamera hazizioni alama hizo. Ila jua lisipige lenzi, litaunguza skrini.

Uhalisia unaoujali mwili ni macho na masikio ya ndani, yanayohisi mwendo, kukubaliana. Ndiyo maana ngumi na kuchuchumaa huenda vizuri, lakini michezo ya kujisogeza kwa kijiti cha kidole gumba humlewesha mgeni. Fremu (picha) 90 kwa sekunde zisizokatika, yaani milisekunde 11 hivi kila moja, zina faida kuliko msitu uliochorwa jani kwa jani. Wenzangu, acheni kuabudu michoro!

Lenzi za Quest 2 zina nafasi tatu za kulingana na umbali kati ya macho: milimita 58 (nafasi 1), 63 (2) na 68 (3). Miwani ikipita kichwa hadi kichwa bila kurekebishwa, kuna atakayepigana na ukungu kisha aumwe kichwa. Andika 1, 2 au 3 pembeni ya jina la kila mtu kwenye daftari la mahudhurio.

Kila mmoja apate mraba wa mita 2 kwa 2, na mita 1 kati ya miraba. Watu wanne basi ni ukumbi wa 5 kwa 5. Usibane. Mwenzako unayemwona mbele yako mchezoni huenda yuko kushotoni kwako, kwa hiyo marufuku kugongeana viganja: mmoja hupiga hewa, mwingine hula kofi la sikio. Feni ikae mbele, upepo wake uujulishe uso mbele ni wapi.

Kinacholifanya kundi liwe kundi ni sauti. Walio ukumbini wazime maikrofoni, la sivyo kila "twende!" itasikika mara mbili, ya pili ikichelewa kwa kuzunguka intaneti. Kukiwa na wanaojiunga kutoka nyumbani, ibaki ya mwalimu tu, na wa ukumbini wamnyamazishe ndani ya mchezo. Ruta iwe humo humo ukumbini, kwenye Wi-Fi ya GHz 5.

Weka kasha la silikoni usoni, kaza kamba za mikononi, na spiriti isiguse lenzi. Anayejaa mate mdomoni na kutoka jasho la baridi avue miwani hapo hapo. Akingoja wimbo uishe, kizunguzungu kitamfuata hadi nyumbani.