Huyo bibi alikuwa nani kwangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jikoni alfajiri, nikaurudia mara tatu. Umeniuliza: "Mama, huyo bibi wa Kizungu alikuwa nani kwako mpaka ukakosa kuniaga?" Ukanieleza kwamba kwenye sherehe yako ya kuagwa, kabla ya harusi, kiti changu alikaa shangazi yako, na MC alipomwita mama mzazi aje mbele, ukumbi ukanyamaza. Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa maneno ya harakaharaka kati ya zamu na zamu, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na lililo gumu. Hakuna aliyenizuia. Tiketi nilikuwa nayo, ruhusa nilikuwa nayo, na Bibi mwenyewe alikuwa akinifukuza. Kila asubuhi nikimwosha uso aliuliza zimebaki siku ngapi nisafiri. Nilibaki kwa uamuzi wangu mimi. Kosa ni langu, na naomba usilipeleke kaburini kwake.

Miaka mitano nimekuwa nikikuambia "nalea mzee", basi. Huko nyumbani kazi hii imewekwa fungu moja na kubeba maboksi, nami sikuwahi kukusimulia ni mzee gani. Sasa nikusimulie.

Nyumba yake iko Iowa, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Marshalltown. Usifikirie Marekani ya maghorofa. Huku ni mahindi na soya hadi macho yachoke, na barabara za changarawe zinakatana kila baada ya maili moja, zimenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, kwa sababu ardhi ilipimwa kwa miraba kabla ya kugawiwa wakulima. Mraba wa maili moja ni ekari 640. Shamba la Bibi ni robo ya mraba, ekari 160. Nilipomwambia kwamba kwetu kihamba, shamba la ukoo, cha ekari moja au mbili kinasomesha watoto na kuzika wazee, hakushangaa udogo wake. Aliuliza mipaka yake mnaijuaje. Nikamweleza habari za mimea ya masale, kwamba tunayapanda mpakani na mtu hayang'oi. Akaniagiza nimchoree jani lake, na mchoro ule ukakaa mlangoni pa friji mpaka alipokufa.

Alizaliwa Desemba 1932. Kipimo chao cha mahindi, kama kilo 25, kilikuwa kimeshuka bei mpaka senti kumi hivi, na watu wakawa wanayachoma kwenye jiko badala ya makaa ya mawe, maana makaa yalikuwa ghali kuliko mahindi. Mama yake alimsimulia kwamba chumba alichozaliwa kilinukia mahindi yanayoungua. Nilimwambia kwetu harufu hiyo ni ya raha, ya watoto kando ya barabara jioni. Akasema kwao ilikuwa harufu ya baba akilia kimyakimya.

Umeme nao hawakuwa nao. Wakati ule karibu nyumba tisa katika kila kumi za mashambani Marekani zilikuwa gizani, mpaka serikali ilipounda shirika la kupeleka umeme vijijini mwaka 1935. Shirika hilo liliitwa REA. Nilipomwambia kwamba na sisi nguzo zetu zililetwa na REA, herufi zilezile, alipiga meza kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu stendi.

Aliolewa na kijana wa shamba la jirani. Mume alisimamia mahindi na nguruwe, na pesa zake zilikwenda kwenye ardhi na mashine. Chakula, viatu vya watoto na sadaka vilitoka kwenye pesa za mayai, na hizo zilikuwa za mwanamke. Daftari lake la mayai nimelishika kwa mikono yangu. Jalada limelegea, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na kila Jumamosi kuna mstari mmoja: trei ngapi, bei gani, amenunua nini. Hakuna Jumamosi iliyorukwa. Hata wiki aliyojifungua mtoto wa tatu mstari upo, ila mwandiko ni wa mume.

Hapa nataka unisikilize, maana hili ndilo lililonifunga kwake. Mwaka 1979 ardhi ilikuwa inapanda bei kila msimu, na mabenki yalikuwa yakiwafuata wakulima majumbani kuwakopesha. Shamba la jirani lilikuwa linauzwa. Mume wake alilitaka. Mtu wa benki akaja, akatandaza makaratasi kwenye meza ya jikoni, na ilibidi na mke asaini, kwa kuwa sheria ya Iowa hairuhusu mume kuweka rehani nyumba ya familia bila sahihi ya mkewe. Bibi alikuwa anamenya matufaha. Akafuta mikono, akachukua kalamu ya yule bwana, akaiweka kwenye droo ya vijiko, akaifunga, akarudi kwenye matufaha yake.

Nilimuuliza alijuaje. Akasema hakujua lolote, ila alikuwa amepiga hesabu ya riba kwa hesabu ya mayai, na hakukuwa na kuku wa kutosha duniani. Mume hakumsemesha msimu mzima wa kupanda. Chakula alikula, lakini neno hakumpa.

Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kwenda Urusi. Desemba ya mwaka huohuo riba ya mabenki kwa wateja wao bora ikafika asilimia 21.5. Ekari moja ya Iowa ambayo mwaka 1981 ilikuwa wastani wa dola 2,147, mwaka 1986 ilikuwa dola 787. Waliokopa kwa bei ya juu walibaki na deni kubwa kuliko shamba. Majirani wakaanza kuuziwa mali zao kwa mnada, uwanjani kwao, trekta, ng'ombe, hata vyombo vya jikoni. Wapo wanaume waliojiua. Bibi alizitaja tarakimu hizo bila kuangalia popote, kama wewe unavyotaja tarehe za kuzaliwa za wadogo zako.

Kwenye mnada mmoja alinunua bakuli kubwa la kukandia unga, la mama wa nyumba ya pili. Jioni ile akalirudisha, akaliweka barazani kwa mwenyewe, akaondoka bila kubisha hodi, ili yule mama asilazimike kusema asante. Ekari 160 zao zilibaki. Mume naye siku moja, wakikamua ng'ombe, akasema, "Ile kalamu bado iko kwenye droo?" Ndiyo radhi aliyomwomba, na Bibi aliihesabu kuwa radhi kamili.

Wewe unajua babu yako aligawa kihamba kwa wajomba zako, mimi nikaambiwa nitakula kwa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini haijapanda hadi migombani kwetu. Sikuwahi kugombana na mtu. Ila nilifikisha miaka 50 bila kumwona kwa karibu mwanamke ambaye neno lake lilisimamisha ardhi, na nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu, akinifundisha kusoma bei ya mahindi ya asubuhi kwenye redio.

Wala usidhani alijiona mwenye nchi. Upande wa Tama, si mbali na hapa, kuna Wameskwaki, wenyeji waliosukumwa nje ya Iowa, wakarudi, na mwaka 1857 wakanunua ekari 80 kwa pesa zao wenyewe. Bibi aliniambia habari hiyo siku ya kwanza nilipomuuliza shamba hili lilikuwa la nani kabla yao. Hakuipamba.

Tulikuwa mwajiri na mwajiriwa mpaka Agosti 10, 2020. Adhuhuri mbingu iligeuka kijani cha maji machafu, ukaja upepo ambao sijawahi kuuona. Hakuna mtu mwingine nyumbani. Nilimbeba mgongoni kama tulivyobebwa sisi, kwa khanga, nikashuka naye ngazi kumi na mbili hadi chumba cha chini ya nyumba. Tulikaa sakafuni gizani karibu saa nzima tukisikiliza bati linachanika. Alinishika kiganja, akawa anayataja maghala yake kwa zamu, lile la mashariki, lile la baba mkwe, lile jipya, kama anayeita watoto waingie ndani. Tulipotoka, mahindi yalikuwa yamelala yote, maili kwa maili, na ghala moja la bati lilikuwa limekunjwa kama kopo la maziwa. Aliangalia kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimeumia mgongo. Tangu siku ile aliacha kuniita kwa jina. Akaniita "binti", neno alilolichukua kwangu, nami nikamwita Bibi.

Mwezi Mei tulikwenda makaburini pamoja na makopo ya kahawa yaliyojaa maua ya peoni. Jina lake lilikuwa limeshachongwa kwenye jiwe pembeni ya la mume: mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu patupu. Mimi nilitetemeka. Yeye alipangusa pale patupu kwa kitambaa kama anavyopangusa meza.

Mwaka huu mwili ulimwisha. Aliomba afie chumbani kwake, dirisha la mashamba, na wauguzi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wa siku za mwisho, wakawa wanakuja mchana. Usiku ulikuwa wangu. Mwanawe wa kiume alikuwa kwenye kombaini hadi saa sita za usiku, maana mavuno hayamngojei mtu, na binti yake wa mbali mwenyewe ni mgonjwa. Nilikuwa nimemwahidi Bibi kwamba usiku hatakuwa peke yake. Na wewe nilikuwa nimekuahidi kukaa kwenye kile kiti. Jumapili, siku moja kabla ya safari yangu, muuguzi alinionyesha magoti ya Bibi yameanza kuwa na mabaka ya zambarau, akasema ni siku chache. Nikaamua. Nilijiambia wewe una watu mia tatu ukumbini, yeye saa tisa za usiku ana mimi. Ndivyo nilivyopima. Inawezekana nilipima vibaya, maana hao mia tatu hakuna hata mmoja aliyekuzaa.

Siku chache zile zikawa tisa. Jumamosi yako nilikaa kitandani kwake, huku ni mchana, nikakutazama kwa simu. Nilikuona ukiingia na gauni lile la rangi ya machungwa iliyoiva. Vigelegele vilipolia Bibi akafungua macho, akaangalia simu, akaangalia uso wangu, akasema, "Ungekuwa kule." Hakusema zaidi siku hiyo, na mimi sikuwa na jibu. Nililia nikimlowesha midomo kwa pamba.

Jumatatu usiku mwanawe aliingia na vumbi la mavuno kichwani, akapiga magoti. Bibi akamuuliza unyevu. Huku mahindi hayahifadhiwi mpaka yakauke kufikia asilimia 15 hivi, ndilo swali la kila jioni ya mavuno. Akamjibu, "Kumi na saba, Mama." Bibi akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa, mashine ya kukaushia itamaliza. Alikata roho saa kumi alfajiri, kabla ya ndege kulia, mkono wake ndani ya wangu. Kabla ya watu wa mazishi kuja nilimwosha, nikamchana nywele, nikamfunika ile khanga ya mwaka 2020. Mwanawe alisema aende nayo, na akaenda nayo.

Uliuliza pia kama Wazungu hawalii. Kanisani hawakulia kwa sauti. Lakini asubuhi ya siku iliyofuata kifo nilisikia ngurumo barabarani, nikatoka barazani. Kombaini nane za majirani, na malori nyuma yake. Waliingia shambani bila kuja mlangoni, wakavuna ekari zote zilizobaki, na jua lilipozama walikuwa wamemaliza. Mwanawe alisimama kwenye changarawe mikono mfukoni akiwatazama, mabega yanamtikisika. Basi, hicho ndicho kilio chao.

Baada ya mazishi tulikula chini ya kanisa, nyama ya nguruwe kwenye mikate, viazi vya jibini, kahawa. Mwanamke wa makamo akaja na saladi ya viazi kwenye bakuli kubwa lililopasuka ukingo. Nililijua kabla hajasema. Ni binti wa yule mama wa mnada.

Mwanangu, ndiye huyo. Sikukuacha kwa sababu ya mshahara, na sikumpenda kuliko wewe. Kwenye harusi ya Desemba nitakuwepo, natua KIA, Kilimanjaro, tarehe 12. Usije na wakwe uwanjani, nitawafuata mwenyewe kwao na kuomba radhi kwa mdomo wangu. Lakini kwanza nipitie kwa babu yako, pale mpakani, nikate jani la sale, nilifunge fundo kama kwetu tunavyoomba msamaha, nikuletee mkononi.

Mama yako