Muvi za kimya: mbona Mchina ana sura ya kizungu?

SWALI: Shikamoo anko. Juzi nimeona kwenye simu ya mdogo wangu muvi ya mapenzi isiyo na sauti, Broken Blossoms ya 1919, kuna mkaka anaitwa Mchina ila mi naona mzungu kabisa, au ndo macho yangu? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba. Macho yako mazima, yule ni Richard Barthelmess, Mmarekani mweupe, kabana macho kainamisha mabega basi eti ndo Mchina. Na sio kwamba waigizaji wa Asia hawakuwepo! Mjapani Sessue Hayakawa alishawaka tangu The Cheat ya 1915, wadada wa kizungu wanamzimia balaa, ila kwenye stori bibie hampati ng'o, anaishia kula risasi, na nadhani alichoka maana 1918 akafungua kampuni yake mwenyewe ya filamu.

Anayeniuma mimi ni Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Kichina. The Toll of the Sea ya 1922, binti ana miaka 17 tu, kabeba muvi nzima, halafu mzungu anamtelekeza, mtoto anachukuliwa na mke wa kizungu, yeye anajitosa baharini. Yaani hata Bongo Movie ina huruma kidogo.

Ukitaka weusi wanaopendana hadi ndoa tafuta Within Our Gates ya 1920, ya mtengeneza filamu Oscar Micheaux, mweusi mwenzetu, ila jiandae, ina sehemu ya watu kunyongwa, usimuwekee huyo mdogo wako.