Mbao ya mwezi giza: kabla hujaongezewa bei, soma hapa

Ukizunguka kwenye maduka ya mbao hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa, hutakosa muuzaji atakayegonga ubao kwa vidole na kukwambia: "Hii ilikatwa mwezi giza, bosi. Haitobolewi." Bei nayo inapanda kidogo. Mimi ni seremala, na wateja wengi wanafika kwangu wakiwa wameshalishwa maneno hayo. Ninachowaambia ni kwamba mwezi wasiulipie. Walipie ukavu.

Sisemi wazee wetu walikuwa hawajui kitu. Imani hii wala si ya Usukumani peke yake. Cato, Mrumi aliyefariki mwaka 149 kabla ya Kristo, aliwashauri wenye mashamba wakate miti wakati mwezi unapungua. Huko Uswisi yupo profesa mstaafu wa misitu, Ernst Zürcher, aliyeamua kuipima imani hiyo kwa mizani, akaona tofauti ndogo katika ukaukaji wa mbao kulingana na siku mti ulipokatwa. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, walipopima wao hawakuona tofauti ya maana. Tuseme Zürcher yuko sahihi kabisa. Bado tofauti aliyoipata ni ndogo mno. Ukiziacha mbao zako zipigwe na jua la mchana wiki moja tu bila kivuli, zitapinda na kupasuka hata kama mti ulikatwa usiku wa giza totoro.

Ziwani ni habari nyingine, na nadhani ndiko imani hii inakopatia nguvu hapa kwetu. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa pale Igombe au Kayenze. Dagaa huvuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na dagaa hawana haja ya kukusanyika pamoja. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na mafundi mitumbwi wanapata kazi ya kutia kalafati. Mtu aliyeishi hivyo tangu utoto, mfuko wake ukijaa na kuisha kwa kufuata mwezi, utamshawishi vipi kwamba mti haujali?

Tena kuna mdudu ambaye hata mimi alinifanya nifikiri mara mbili. Wataalamu wanamwita Povilla adusta. Akiwa bado mtoto anaishi majini na hutoboa mbao iliyozama: mtumbwi, nguzo ya gati, gogo lolote. Geuza mtumbwi wa zamani uliokaa sana majini, utaona vitundu vyake chini, vimepangana, ukipitisha kidole vinakwaruza. Akikomaa hutoka majini usiku, akiwa na mabawa, na hutoka kwa makundi siku chache tu baada ya mwezi mpevu. Jambo hilo lilielezwa na mtafiti Hartland-Rowe huko Uganda, kwenye ziwa letu hilihili, miaka ya 1950. Kwa hiyo ndiyo, yupo mtoboa mbao anayefuata mwezi. Ila anafuata mwezi yeye, si mbao. Ubao wako utatobolewa kwa sababu umekaa majini bila kinga, hata ungekatwa siku gani.

Kuhusu mwezi kuvuta maji ya mti, maelezo hayo nayasikia sana. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi giza. Ziwa letu lote hilo, pamoja na ukubwa wake, halisogei kiasi cha mtu wa ufukweni kutambua. Mawimbi tunayoyaona ni ya upepo. Sasa kama ziwa halitikisiki, maji yaliyomo ndani ya mgrivea mmoja yatavutwa na nini?

Na mahindi, ambayo nayo wapo wanaoyapanda kwa kufuata mwezi? Mwanga wa jua unauzidi wa mwezi mpevu kwa takriban mara 400,000. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia mafundisho ya kupanda kwa mwezi na hawakuona msingi wa kisayansi. Mbegu inataka unyevu. Sikiliza utabiri wa vuli na masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, chimba udongo uone umelowa kina gani, upande. Sina zaidi hapo, mimi ni mtu wa randa.

Turudi kwenye mbao. Ule unga mweupe unaoukuta chini ya kitanda ni kazi ya mbawakawa wadogo wanaotafuta wanga, na wanga unakaa kwenye weupe wa nje wa mti, si kwenye kiini. Mkaratusi wenye weupe mwingi utaliwa. Msonobari wadudu hao hawaugusi, lakini una matatizo yake, hasa ukungu wa rangi ya bluu ukicheleweshwa kupasuliwa. Mzee aliyesubiri mwezi giza alikuwa pia amechagua mti uliokomaa, akaumenya gome mapema, na nguzo au mianzi akailoweka majini wiki kadhaa. Wanga hupungua hukohuko majini. Sifa zote akapewa mwezi. (Wapo pia wanaopenda kukata gizani kwa sababu nyingine, na maofisa misitu wanaijua.)

Kama una miti yako, kata kiangazi, Juni mpaka Agosti. Pasua haraka. Ncha za mbao zipake rangi yoyote iliyobaki, maana maji hukimbilia kutokea huko na ndiko nyufa huanzia. Panga juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja, vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, mbao zitapinda. Juu weka bati, pembeni acha wazi upepo wa ziwa upite. Mbao ngumu ya inchi moja inaweza kuhitaji kama mwaka. Msonobari ni miezi tu.

Kwa anayenunua, kipimo ni hiki. Omba kipande kidogo kikatwe katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Kipime kwenye mzani wa dukani wa gramu. Kikaushe juu ya jiko la mkaa, moto mdogo kisiungue, ukikipima tena na tena mpaka uzito usishuke. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kikianza gramu 150 kikaishia 120, hiyo ni asilimia 25, na kabati utakalotengeneza litafunguka maungio ndani ya kiangazi kimoja. Kwa fanicha za ndani mimi nataka 12 hadi 15. Ikizidi 20, hata ukungu bado unaweza kuota.

Muuzaji akikataa kukukatia kipande hata ukijitolea kukilipia, nenda duka la pili.