Kamati ya wananchi kukagua idara za halmashauri: niliyoyaona nikiwa mjumbe

Mkuu umeuliza kama kamati ya wananchi ya kukagua utendaji wa idara za halmashauri ina maana yoyote au ni kupotezeana muda, ngoja nikujibu kwa kirefu maana nimekaa kwenye kamati ya hivyo miaka miwili hapa hapa mkoani Kigoma. Mkoa una halmashauri nane, ni ipi sitaitaja.

Tulikuwa wajumbe tisa tuliochaguliwa kwenye mikutano ya hadhara: mwalimu mstaafu, fundi seremala, kina mama wawili wa biashara ya dagaa, kijana wa bodaboda, mimi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wengine. Diwani na mtendaji tulisema wasiwe wajumbe, si kwa ubaya, ila huwezi kumkagua mtu huku yeye ndo kashika kalamu.

Miezi minne ya mwanzo tuliiharibu wenyewe. Kila kikao ni nani kala hela, tukienda ofisini tunaenda kwa ukali, na wao wanajifungia, karatasi hata moja hatukupata. Yule mwalimu ndo alitugeuza, akasema mambo ya mahesabu CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yupo, ripoti yake ya serikali za mitaa inatoka kila mwaka na yeyote anaweza kuisoma, sisi tupime kitu ambacho hakuna mkaguzi atakaa kwenye benchi kukipima, yaani mwananchi anasubiri muda gani na anarudi mara ngapi.

Basi tukanunua daftari kubwa, tukapiga mistari: kafika saa ngapi, kahudumiwa saa ngapi, kaambiwa nini. Wawili wawili tukawa tunakaa pale nje kwa zamu wiki mbili nzima. Saa zilikuwa mbaya ila ile safu ya tatu ndo iliniumiza, ukurasa mzima "njoo kesho", "muhusika yuko kikaoni", "mtandao hamna", "faili halijarudi". Kuna mama alitoka kijiji cha ziwani kwa boti kufuata leseni ya biashara, nauli kaifunga kwenye ncha ya kitenge, ananifungulia anaonyesha kilichobaki. Ilikuwa safari yake ya tatu. Ya kwanza kaambiwa hana TIN, ile namba ya mlipa kodi, akaenda akapata, ya pili akaambiwa kuna karatasi ya TRA ya kuonyesha hadaiwi kodi, ya tatu mtandao. Sasa jamani hivi vyote si angeambiwa siku ile ile ya kwanza?

Tukapendekeza kitu kidogo sana, orodha ya vinavyotakiwa ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa na kwa watendaji wa vijiji ipelekwe nakala. Ndani ya wiki ilibandikwa.

Vibali vya ujenzi ndo palikuwa pagumu, na hapa kila mtu mtaani ana jibu moja tu, rushwa. Tukafuata mafaili 12 kwa ridhaa ya wenyewe, tukaangalia tarehe za mihuri toka yalipoingia masijala, meza kwa meza. Mengi yalilala sehemu moja, hatua ya kwenda kukagua kiwanja, kwa sababu idara haina gari, wanaomba la idara nyingine, likipatikana wa mipango miji anaenda leo, wa afya anaenda wiki ijayo, mhandisi anasubiri mafuta. Mkuu wa idara, ambaye sisi tulishamhukumu, akatutolea madokezo aliyoandika mwenyewe kuomba gari, mengine ya muda mrefu tu. Sisemi rushwa hamna, ipo, ila faili likilala ndo mwenye haraka anaanza kutafuta mtu wa kuliamsha. Tulichopeleka kwa madiwani ni kwamba mafaili yakusanywe kwa kata na wakaguzi wote watoke pamoja siku moja ya wiki. Wakakubali, ikawa Alhamisi, na watu wakaanza kupata majibu.

Kwa hiyo ukianza, chukua idara moja tu. Taarifa omba kwa barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, bila hivyo utaambiwa haijafika. Wakikuuliza wewe kama nani, Katiba ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Na usiitegemeze kwenye mradi. Kigoma Ujiji mwaka 2016 ilichaguliwa kati ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani kwenye majaribio ya mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, OGP, mwaka uliofuata nchi ikajitoa na mambo yakaishia hapo. Sisi pia posho ya mafunzo ilipokata wajumbe wanne walipotea, waliobaki ndo waliofanya hiyo kazi ya benchi.

Palipotushinda ni mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayotoa kwa vikundi kutoka mapato yake ya ndani, wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2. Baadhi yetu tulikuwa na vikundi vilivyoomba, tukakaa kimya tukakagua hivyo hivyo, ilipojulikana hakuna aliyetuamini na walikuwa na haki. Lile bado linanisumbua. Mwenye maslahi aseme mapema na atoke nje ya kikao.

Mwaka jana yule mkuu wa idara alihamishwa, ofisi ikapakwa rangi na ile orodha ya mlangoni ikabanduliwa, haikurudi. Tukaenda wawili na barua. Ilichukua siku tisa wakaibandika tena, nakala yetu yenye muhuri ninayo hapa dukani.